Milango ya Shamba

Mtu ajengapo nyumba hutia mlango, na mlangoni hutia komeo, na usiku ukiingia hukagua kama komeo limefungwa. Walakini shamba, ambalo ndilo linaloilisha nyumba hiyo, huliacha wazi pande zote, akidhani kwamba hatari yake ni mbuzi wa jirani na nguruwe wa porini tu. Wezi tunaotaka kuwataja katika mazungumzo haya hawana pembe wala kwato. Wengine ni wadogo hata jicho haliwezi kuwaona, nao hawaruki ua wala hawachimbi. Mara nyingi huingia wakiwa wamechukuliwa begani na mwenye shamba mwenyewe, ndani ya gunia la mbegu, au chini ya kiatu, au katika udongo ulioganda juu ya jembe la kuazima.

Tumechagua kueleza habari hizi kwa mifano ya milima ya Usambara, maana huko jambo lenyewe huonekana wazi kuliko mahali pengi. Mashamba ya Lushoto, ya Soni, ya Mlalo na ya Lukozi ni madogo, nayo yamepangana juu ya mteremko kama ngazi, la huyu juu ya la yule. Maji ya mfereji mmoja hunywesha mashamba ya watu wengi. Tena milima hiyo ni njia ya biashara: viazi ulaya, kabichi, karoti na nyanya huteremshwa kwa malori hata Mombo, na toka hapo hupelekwa Tanga na Dar es Salaam, kisha magunia na matenga matupu hurudi juu, na hakuna ajuaye yalilala katika soko gani na karibu na mzigo wa nani. Katika nchi iliyopangwa hivyo, ugonjwa wa shamba moja hauwezi kuwa siri ya mtu mmoja kwa muda mrefu.

Kwamba ugonjwa wa mimea huchukuliwa kwa mkono wa mtu si habari mpya katika milima hii. Upande wa mashariki, juu ya Muheza, pana mahali paitwapo Amani. Wajerumani walifungua huko chuo cha uchunguzi wa kilimo katika mwaka 1902, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza wakakiendeleza. Miongoni mwa mimea iliyowashughulisha wataalamu wa Amani ulikuwa mhogo. Katika mwaka 1894 Mjerumani aitwaye Warburg alikuwa amekwisha andika juu ya ugonjwa wa mihogo ya nchi hii: majani hutoka mabaka ya manjano, hujikunja na kupinda, na mti wenyewe hudumaa. Ndio ugonjwa tunaouita leo batobato. Katika mwaka 1936 Bwana H. H. Storey wa Amani akaeleza ugonjwa wa pili, ule wa michirizi ya kahawia, ambao ni mjanja zaidi. Mti wenye michirizi ya kahawia waweza kusimama na majani mengi, pengine yakiwa na umanjano kidogo tu kandokando ya mishipa ya majani ya chini, na mwenye shamba akaupita kila siku bila kushuku neno. Siku ya kung'oa ndipo auvunjapo muhogo akakuta ndani umeoza, mkavu, wa rangi ya kahawia, haufai kwa ugali wala kwa kuchemsha.

Magonjwa yote mawili huletwa na virusi, na wadudu wadogo waitwao inzi weupe huvitoa mti huu wakavitia katika mti ule. Lakini inzi mweupe haendi mbali kama lori. Njia iliyo kubwa ya kuyapeleka magonjwa haya kutoka kijiji hata kijiji, na kutoka wilaya hata wilaya, ni kipande cha mti wa mhogo ambacho mtu amekikata kwa nia njema akampa shemeji yake akapande. Mti ukiwa mgonjwa, kila kipande chake chaweza kuwa kigonjwa, nacho hupandwa pamoja na ugonjwa wake.

Bwana Storey na mwenzake, Bwana R. F. W. Nichols, walijaribu dawa ambayo ilihitaji subira. Walichanganya uzazi wa mhogo na jamaa yake, mti wa mpira wa Ceará utokao Brazil, ambao mizizi yake haina faida kwa mlaji lakini una nguvu ya kustahimili batobato. Watoto wa uzazi huo wakachanganywa tena na mhogo, na wajukuu vivyo hivyo, hata ikapatikana mihogo iliyo na mizizi ya kuliwa na nguvu ya babu yao wa porini. Kazi ilianza katika miaka ya 1930, ikaendelea hata miaka ya 1950. Mbegu za uzazi wa Amani zilipelekwa Nigeria, na katika miaka ya 1970 wataalamu wa Ibadan walizitumia kuzalisha mihogo iliyoenea katika nchi nyingi za Afrika. Twaitaja habari hii kwa fahari, maana watu wengi wa Muheza na Lushoto wenyewe hawajui kwamba mihogo mingi ya Afrika ya Magharibi ina ukoo katika mlima wao.

Hata hivyo adui hakulala. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990 batobato iliyo kali kuliko ile ya kwanza iliangamiza mihogo ya Uganda, hata mahali pengine watu wakaacha kabisa kuilima. Mmea wenye nguvu ni msaada mkubwa, lakini haumfanyi mkulima asiwe na haja ya kuchagua kipande anachokipanda. Kuchagua huko hakugharimu senti moja. Mhogo ukiwa ungali unakua, pita shambani ukafunge kamba katika miti iliyo safi, yenye majani yasiyo na mabaka. Siku ya kung'oa, kata mizizi ya kila mti uliofungwa kamba. Ukiona alama ya kahawia katika mmoja, mti huo usitoe mbegu, hata kama ni mrefu na mnene kuliko yote.

Sasa tupande juu zaidi, kwenye baridi, tuje katika viazi ulaya, ambavyo kwa wakulima wengi wa Lushoto ndivyo fedha ya ada ya shule na ya mabati ya nyumba. Adui wa kuogopwa hapa ni mnyauko. Mmea ulio kijani kabisa hulegea mchana wa jua kama uliokosa maji. Jioni huinuka kidogo, kesho hulegea tena, na baada ya siku chache hufa. Wengi huongeza maji, na kwa kufanya hivyo humsaidia adui. Njia ya kumtambua ni rahisi, hata mtoto wa shule aweza kuifanya. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, chenye urefu wa kidole, ukakining'inize ndani ya bilauri ya maji safi, usiyatikise. Ikiwa ni mnyauko wa bakteria, baada ya dakika chache utaona nyuzi nyeupe kama za maziwa zikiteremka kutoka kwenye shina. Kiazi chenyewe kikikatwa huonyesha duara la rangi ya kahawia ndani ya ganda, na ute hutoka katika macho yake hata udongo hugandamana nao.

Hapa ndipo penye jambo ambalo twaomba lisikiwe vema kuliko yote tuliyosema. Mahali penye baridi nyingi, bakteria hao waweza kukaa ndani ya kiazi bila kuonyesha dalili yoyote. Shamba la juu mlimani laweza kuwa zuri kwa macho, mavuno yakawa mema, nacho kila kiazi cha kumi kikawa kimebeba maradhi. Mtu wa bonde lenye joto akinunua viazi hivyo kwa mbegu, mnyauko hulipuka kwake, naye husema kwamba udongo wake umelogwa au kwamba mbolea ilikuwa mbovu. Udongo haukuwa na kosa. Ila sasa umekwisha kuwa nao, kwa maana bakteria hubaki ardhini hata baada ya viazi kung'olewa, nao hungoja katika viazi maotea vilivyosahauliwa, na katika mizizi ya nyanya, ya bilinganya, ya pilipili, hata ya mnavu tunaoupenda kwa mboga. Gunia moja la mbegu ya bei rahisi limelifunga shamba kwa misimu kadha.

Kwa hiyo mbegu ya viazi isinunuliwe gizani. Iko mbegu iliyokaguliwa na TOSCI, chombo cha Serikali cha kuthibitisha mbegu, na iko ile iitwayo mbegu ya daraja la kuazimiwa, ambayo wakulima wenyewe huizalisha chini ya ukaguzi. Zote huwa ghali kuliko viazi vya sokoni, tena hazipatikani kila mahali kwa wakati. Hatutaki kumdanganya mtu kwamba jambo ni jepesi. Lakini mkulima asiye na fedha za magunia kumi aweza kununua debe moja au mawili, akapande katika kipande kidogo kisichowahi kuota jamii ya viazi na nyanya kwa miaka kadha, kisha mavuno ya kipande hicho ndiyo yawe mbegu yake. Kabla mimea haijafunga majani, asimamishe kijiti kando ya kila mmea ulio mzuri. Baada ya majuma mawili atazame tena, na mmea uliobadilika aung'olee kijiti chake. Hatimaye avune yenye vijiti peke yake. Walakini ikiwa mnyauko umeonekana katika shamba, basi shamba lote halina mbegu. Kiazi kizuri cha mmea wa jirani ya mgonjwa ni cha kula, si cha kupanda.

Baada ya mbegu, mlango wa pili ni udongo unaotembea. Methali yetu husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ni methali njema, nasi twaongeza neno moja tu: mpe jembe lako, asije na lake lililotoka shamba jingine na udongo wake. Kama hapana budi kuazima, osha jembe mpaka chuma kionekane, kisha ulipake dawa ya kung'arishia nguo nyeupe iliyochanganywa, sehemu moja ya dawa kwa sehemu tisa za maji. Mwenye mashamba mawili na aanze kazi ya asubuhi katika lile lililo safi, amalizie katika lile lenye ugonjwa; akipanga kinyume, miguu yake mwenyewe itakuwa imechukua maradhi kabla ya adhuhuri.

Wako na wachuuzi, ambao hupita shamba baada ya shamba kutazama kama viazi vimekomaa, na kila mmoja huchimbua chimbuchimbu hapa na pale kwa kijiti chake. Adabu zetu haziruhusu kumfukuza mgeni, wala hatusemi afukuzwe. Chagua mti mmoja pembeni, weka hapo ndoo ya maji na burashi kuukuu, na viazi vichache vya kuonyesha. Hapo ndipo mpatane bei. Mchuuzi mwenye akili atakusifu, kwa maana yeye pia hataki viazi vitakavyoozea njiani.

Maji ni mlango ulio mgumu kuliko huo. Mwenye shamba la chini hawezi kumwamuru wa juu. Aweza kuchimba mfereji wa kukinga maji katika ukingo wa juu wa shamba lake, akapanda majani ya Guatemala kandokando, ambayo hushika udongo na tena ni chakula cha ng'ombe. Lakini maji ya kumwagilia hutoka katika mfereji wa wote, na hapo dawa ni mazungumzo: atupaye viazi vilivyooza ndani ya mfereji huwapelekea wenzake mnyauko nyumbani kwao.

Wako maadui ambao hakuna mlango wa kuwazuia kabisa, nao tutawapitia upesi. Ukungu wa viazi, ule ulioleta njaa kuu ya Ireland kuanzia mwaka 1845, njaa iliyoua watu wapatao milioni moja, ulionekana Kenya mwaka 1941, nao sasa huja kila msimu wa mvua na baridi. Mbegu zake huruka na upepo, lakini mara nyingi huanza katika chungu ya viazi vibovu iliyoachwa kando ya shamba, na chungu hiyo twaweza kuifukia. Viwavijeshi vamizi vilifika nchini mwaka 2017, na kipepeo wao huruka usiku mwendo mrefu. Hapo kilichobaki ni kukagua mahindi machanga mara mbili kwa juma. Kantangaze, mdudu wa nyanya aliyetoka Amerika ya Kusini, aliingia Tanzania mwaka 2014. Huyu huruka, lakini hupenda zaidi kupanda gari ndani ya matenga, na tenga lirudilo kutoka mjini lisitiwe shambani kabla ya kukung'utwa, kuoshwa na kuanikwa juani. Na dumuzi, ambaye alijulikana kwanza Tabora karibu na mwanzo wa miaka ya 1980 akala mahindi ya ghalani na makopa ya mhogo, huenea kwa magunia yaliyonunuliwa. Gunia la mahindi ya kununua lisilale ghala moja na mavuno yako kabla ya kukaguliwa.

Yote haya yanahitaji mpango, na neno mpango katika milima hii lina historia yake. Katika mwaka 1946 Serikali ya wakati ule ilianza katika bonde la Mlalo mpango wa kuhifadhi ardhi, ikawataka watu walime kwa matuta kwa amri, na baadaye ikaueneza katika Usambara. Kazi ilikuwa nyingi, faida ilikuwa ya mbali, na waliolima hawakuulizwa. Watu wakauchukia, na katika miaka ya 1950 ukaachwa. Twaikumbuka habari hiyo ili isidhaniwe kwamba twataka kuleta amri nyingine. Mpango tunaousema ni wa mwenye shamba mwenyewe, nao watosha ukurasa mmoja wa daftari. Mtoto wa shule na achore ramani ya shamba: vipande vyake, mfereji, njia, ghala, banda la kuku, na mahali maji ya mvua yaingiapo. Kila kipande kiandikwe kilichopandwa msimu huu na msimu uliopita, ili viazi na nyanya visirudi palepale kabla ya kupita misimu mitatu au zaidi ya mahindi, kabichi, karoti, vitunguu au maharage. Kila mbegu iandikwe ilikotoka, na jina la aliyeiuza. Ugonjwa ukitokea, daftari hilo litajibu swali ambalo kumbukumbu ya mtu haiwezi kulijibu: uliingia kwa mlango gani?

Tumeona watu wakificha mnyauko kwa haya, kama kwamba ni aibu ya nyumba. Wengine, wakihofia hasara, huharakisha kuvuna na kuviuza viazi hivyo kwa mbegu katika kijiji cha pili, ambako hawajulikani. Tusiseme kwa mafumbo: huo ni wizi. Maskini anayenunua hununua umaskini wa misimu mingi. Afadhali viuzwe kwa chakula, tena viende mbali na mashamba, na muuzaji awaambie jirani zake wa chini kabla maji hayajawaambia.

Na siku utakapoona mmea wa kwanza umelegea, fanya hivi. Usiumwagilie. Fanya jaribio la bilauri. Nyuzi zikitokea, ung'oe mmea mzima pamoja na viazi vyake na udongo ulio mizizini, uutie katika mfuko usiovuja, na mmea wa kila upande ulioshikana nao uung'oe vilevile. Vichukue nje ya njia ya maji, ukavifukie kirefu. Usiviache kando, usiwape mifugo, wala usivitie katika mboji. Tia kijiti mahali hapo, usilime wala kumwagilia pale mpaka mavuno. Osha jembe na miguu. Kisha peleka habari kwa Bwana Shamba au Bibi Shamba wa kata, na kama dalili ni ngeni hata yeye haitambui, aipeleke kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020 kwa kazi hiyo. Jioni, fungua daftari, uandike tarehe na kipande, na jina la aliyekuuzia mbegu, na kesho asubuhi nenda kamwambie. Huenda yeye naye hajui.